Nani Anajua Alipolala: Shajara ya Kufasiri Wimbo wa Kunguru Watatu

Iringa mjini, mwanzoni mwa Februari

Kikundi chetu cha kusoma fasihi simulizi kimekubaliana kwamba mradi wa nusu ya kwanza ya mwaka huu utakuwa kufasiri wimbo wa kale wa masimulizi kutoka Uingereza, "Kunguru Watatu", pamoja na nduguye wa Uskoti, "Kunguru Wawili". Mwaka jana tulishughulikia nyimbo za maombolezo za Wahehe na Wabena, na kila tulipokwama alikuwapo mzee wa kutuambia maana, mjadala ukaishia hapo. Safari hii tumetaka kwa makusudi wimbo ambao hakuna mzee wa Kihesa wala wa Mafinga atakayetufungia mjadala wake. Matokeo yanayotarajiwa ni kijitabu chenye nyimbo zote mbili kwa Kiswahili pamoja na maelezo yetu, na jioni moja ya kuziimba mbele ya watu katika mwezi wa Julai, baridi ikiruhusu.

Kwa msomaji asiyezijua, kisa cha wimbo wa kwanza ni hiki. Kunguru watatu weusi wametua juu ya mti na mmoja anamwuliza mwenzake wapate wapi kifungua kinywa. Katika konde la kijani kibichi amelala shujaa aliyeuawa, ngao yake ikiwa juu yake. Mbwa wake wamelala miguuni pake wakimlinda, na vipanga wake wa kuwindia wanaruka kwa ukali hata hakuna ndege anayethubutu kusogea. Kisha anakuja paa jike mwenye mimba pevu, anakiinua kichwa chenye damu, anayabusu majeraha, anambeba marehemu mgongoni hadi shimoni na kumzika kabla ya sala ya alfajiri. Na kabla ya sala ya jioni, paa naye amekufa. Ubeti wa mwisho ni dua: Mungu amjalie kila mwungwana vipanga kama hao, mbwa kama hao na mpenzi kama huyo.

Katika wimbo wa pili kunguru ni wawili, na mambo yote yamepinduliwa. Nyuma ya ukuta mkongwe wa matimba ya udongo amelala shujaa aliyeuawa karibuni, na hakuna anayejua alipolala isipokuwa kipanga wake, mbwa wake na bibi yake. Mbwa ameenda kuwinda, kipanga ameenda kukamata ndege wa porini, bibi amepata mume mwingine. Kunguru watakula kwa raha: mmoja atatua kwenye mfupa wa shingo, mwingine atayadonoa macho ya buluu, na kwa shungi la nywele za dhahabu wataezeka kiota chao. Wengi watamlilia, lakini hakuna atakayejua alikokwenda, na juu ya mifupa yake upepo utavuma milele.

Mwishoni mwa Februari

Nimeandaa ukurasa mmoja wa historia na sikusudii kuurefusha. Wimbo wa Kiingereza ulichapishwa London mwaka 1611 katika Melismata, kitabu cha nyimbo cha Thomas Ravenscroft, ambaye aliupangia sauti nne. Ule wa Uskoti ulitoka mwaka 1803 katika mkusanyo wa Walter Scott wa nyimbo za mpakani. Scott aliletewa na Charles Kirkpatrick Sharpe, naye akaeleza kwamba mwanamke mmoja aliuandika kama alivyousikia kwa mdomo. Francis James Child wa Harvard, aliyekusanya nyimbo 305 za aina hii katika kazi iliyochapishwa kati ya 1882 na 1898, aliziweka zote mbili chini ya namba 26, na ule wa Uskoti ulimsikika kama kejeli ya ule mwingine.

Kwa jicho la mtu aliyelelewa na ushairi wa Kiswahili kuna jambo la umbo linaloonekana mara moja. "Kunguru Watatu" ni tathnia (mishororo miwili kwa ubeti) ya beti 10, na "Kunguru Wawili" ni tarbia (mishororo minne kwa ubeti) ya beti 5. Kila mmoja, ukiondoa kiitikio, una mishororo 20. Nyimbo zilizoachana kwa karibu miaka 200 ya uchapishaji zina mzigo uleule wa maneno na hukumu mbili tofauti, na hilo peke yake linatosha kutufanya tuzisome kama kesi moja iliyosikilizwa mara mbili.

Machi, Jumamosi ya kwanza

Usomaji wa kwanza wa pamoja. Nilitarajia tuanze na kunguru, lakini Mama, fundi cherehani wetu wa Kihesa, aliweka kitambaa chake chini kabla sijamaliza kusoma na kuuliza swali ambalo limeshika usukani wa mradi tangu siku hiyo: "Mwalimu, ndugu zake huyu wako wapi?"

Swali ni la haki. Katika nyimbo hizi mbili hakuna baba, hakuna mama, hakuna kaka, hakuna mjomba, hakuna jirani. Shujaa ana ngao, maana yake alikuwa na cheo. Ana vipanga na mbwa, maana yake alikuwa na mali na watu wa kuwatunza wanyama hao. Lakini alipokufa hakutokea mtu hata mmoja wa kumfunika. Huku kwetu msiba unatangazwa kabla maji ya kumwoshea marehemu hayajachemka, na mtu asiyefika bila sababu atakumbukwa kwa hilo hata siku ya msiba wake mwenyewe. Maiti isiyo na ndugu ni fedheha ya ukoo mzima, na kwa msomaji wa Iringa fedheha hiyo ndiyo habari ya kwanza ya wimbo, hata kabla ya habari ya kifo.

Kijana wetu anayetoka Rungwe alijibu kwamba pengine ndugu wameondolewa kwa makusudi ili uaminifu upimwe pale ambapo haudaiwi na damu. Ndugu anakuja kwa sababu ni ndugu na asipokuja ataulizwa. Mbwa hataulizwa. Mama hakuridhika, lakini nimeiandika hoja hiyo kwa sababu naona ina nguvu kuliko ilivyosemwa siku ile. Nyimbo zote mbili pia hazisemi ni nani aliyemwua shujaa huyu, wala kwa nini. Mtunzi aliyetaka kueleza kifo asingeacha hayo. Kifo kimewekwa kama jambo lililokwisha kutokea, na macho yote yameelekezwa kwa waliobaki.

Machi, katikati ya mwezi

Tumekubaliana kwamba hatutafasiri kunguru kwa vitabu peke yake wakati wanatuzunguka. Nilipanda mwamba wa Gangilonga asubuhi pamoja na mfugaji wetu kutoka Ismani. Kunguru wa miamba hii ni mkubwa, mweusi, mwenye baka jeupe nyuma ya shingo na mdomo mnene uliojikunja, wenye ncha nyeupe. Mmoja alikuwa na kifaranga cha kuku kilichokufa, bila shaka amekipata kwenye jaa la nyumba za chini. Alikikanyaga kwa mguu mmoja, akakitazama kwa upande, akaanza na jicho. Mfugaji hakushangaa. Alinieleza kwamba mbuzi akizaa malishoni na mchungaji akachelewa, jicho la mtoto ndilo linaloondoka kwanza, kwa sababu ndipo palipo laini na mdomo unaingia bila kazi.

Nimeyaandika haya kwa sababu yanabadilisha namna ya kuusoma wimbo wa Uskoti. Wasomaji wengi huyachukua macho ya buluu na nywele za dhahabu kuwa ukatili uliotiwa chumvi, ilhali mtunzi alikuwa mtu aliyemwona kunguru akila. Kunguru wake hawana chuki na marehemu. Wanagawana kazi, mmoja shingoni na mwingine machoni, wakifikiria pia kiota kitakachochakaa. Uzuri wa kijana aliyekufa unatajwa na midomo inayouhesabu kama chakula na kama nyasi za kuezekea, na hatupati picha yake kutoka kwa mtu mwingine yeyote. Bibi yake ndiye aliyepaswa kuzisifu nywele hizo.

Katika wimbo wa Kiingereza kunguru hawa hawa wana kazi nyingine. Wanakagua mzoga kama mwizi anavyokagua nyumba, na kila wanachokitaja ni kizuizi: mbwa hawa hapa, vipanga wale kule. Kwa maneno mengine, sifa yote ya uaminifu wa mbwa na vipanga tunaipata kutoka kwa mashahidi wenye njaa ambao uaminifu huo umewanyima kula. Mzee Katekista wa kikundi chetu alisema, na nimekubaliana naye, kwamba katika baraza lolote la wazee ushahidi wa namna hiyo ungepokelewa bila kuapishwa.

Aprili, baada ya Pasaka

Paa. Nililijua suala hili lingekuja, ila sikujua kwamba lingemaliza mikutano ya mwezi.

Ugumu wenyewe ni huu. Paa hawezi kumbeba mtu mgongoni, hawezi kuchimba kaburi wala kuzika, na katika ubeti wa mwisho dua inamwita mpenzi. Kwa hiyo ama ni mwanamke aliyegeuka mnyama, ama ni mwanamke aliyefananishwa na paa kwa sababu ya upole na uzito wa mimba, ama ni paa kweli ambaye wimbo umempa kazi za kibinadamu bila kuomba ruhusa. Kijana wa Rungwe alisimamia la tatu kwa moyo wote. Katika ngano zetu sungura anakwenda kuposa na fisi anakaa kwenye baraza la ukoo, na hakuna mtoto anayemkatiza bibi kuuliza fisi alipata wapi kiti. Kudai kwamba paa lazima awe mwanamke aliyejificha ni kuuwekea wimbo masharti ambayo hatuwawekei watani wetu wa porini.

Hoja iliyogeuza mjadala aliitoa mfugaji, ambaye amewahi kuwinda ujanani. Alisema tuache kuangalia paa anafanya nini na tuangalie mbwa hawafanyi nini. Hawa ni mbwa wa kuwindia. Vipanga nao ni ndege waliofunzwa kushambulia. Ubeti wa tano umetuambia kwamba hakuna kiumbe chenye mabawa kinachothubutu kusogea. Halafu katika ubeti wa sita anatembea kuelekea kwao mnyama ambaye mbwa wa namna hiyo wamefunzwa kumkimbiza, mzito kwa mimba, asiyeweza kukimbia, na hakuna anayenyanyuka. Wimbo hausemi kwamba mbwa walimtambua. Hausemi kwamba walimpisha. Unanyamaza tu, na paa anafika hadi kwenye kichwa cha marehemu.

Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi tangu siku ile. Kwa maoni yangu hapo ndipo ulipo moyo wa wimbo, na si kwenye busu wala kwenye kifo cha jioni. Mbwa hawakumgusa kwa sababu wanamjua, au kwa sababu mbele ya bwana aliyekufa uwindaji umesimama. Yote mawili yanatufikisha mahali pamoja. Uaminifu kwa marehemu umewaweka mwindaji na mwindwa upande mmoja wa mwili wake, na upande wa pili wamebaki kunguru. Baada ya hoja hiyo swali la paa ni nani limepungua uzito, na tumeamua kijitabu kitatoa maoni yote matatu bila kupiga kura. Katika tafsiri tutaandika "paa" na "mpenzi" kama wimbo ulivyofanya, msomaji aunganishe mwenyewe.

Mama ana pingamizi, na ameomba liandikwe kama lilivyo. Paa ana mimba. Akifa jioni, mtoto anakufa naye. "Uaminifu gani huu," aliuliza, "unaomzika baba asubuhi na kumzika mtoto jioni? Nani atalibeba jina lake?" Aliongeza kwamba dua ya mwisho ni dua ya wanaume: kila mwungwana aombewe mpenzi wa kumfia, ila hakuna anayemwombea paa. Mzee Katekista alijaribu kueleza kwamba katika nyimbo za zama zile kufa kwa huzuni kulikuwa kipimo cha juu cha mapenzi. Mama alimjibu, "Shikamoo yako naipokea, Mzee wangu, lakini kipimo hicho alikiweka nani?" Watu walicheka, kwa kuwa Mzee ndiye mkubwa kwa umri na shikamoo ilipaswa kutoka upande wa pili, na pingamizi limebaki halijajibiwa.

Aprili, mwishoni

Jambo dogo lenye faida. Ubeti wa tisa unapima muda kwa sala mbili: paa alimzika shujaa kabla ya sala ya Saa ya Kwanza, akafa kabla ya sala ya jioni. Mzee Katekista alitueleza kwamba Saa ya Kwanza ilikuwa sala ya watawa mwanzoni mwa mchana, ambayo Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliifuta mwaka 1963, na kwamba watawa walihesabu saa kuanzia mapambazuko. Yaani walihesabu kama sisi. Msomaji wa Ulaya wa leo anahitaji maelezo pembeni ili ajue Saa ya Kwanza ni wakati gani, na msomaji wa Iringa anaisikia na kuelewa kwamba jua ndiyo kwanza linachomoza. Sala ya jioni nayo ni Masifu ya Jioni ambayo Wabenediktini wa Peramiho wanayaimba hadi leo.

Uingereza ilikuwa imekwisha kuachana na ratiba hiyo ya sala tangu kitabu kipya cha ibada cha mwaka 1549, kwa hiyo kitabu cha 1611 kilichapisha wimbo wenye saa za zamani. Kwa ufasiri wetu lililo muhimu zaidi ni ufupi wa muda. Kunguru wanauliza habari za kifungua kinywa, na kabla jua halijakaa vizuri maiti iko chini ya udongo. Kunguru wamechelewa. Kila kitendo cha paa kimefanyika katika muda ambao njaa ya kunguru ilikuwa bado inapanga mipango.

Mei

Wiki chache hazikuwa na mikutano kwa sababu ya mavuno ya mahindi. Tuliporudi tuligeukia "Kunguru Wawili", na hapa kikundi kilinishangaza.

Wafasiri wengi humtuhumu bibi. Anajua shujaa alipolala, hajasema, na amekwisha kupata mume mwingine. Kutoka hapo hadi kumshuku kwamba alihusika na mauaji ni hatua fupi, na wimbo hauizuii. Nilitegemea wenzangu wamhukumu kwa kuolewa tena. Hawakumhukumu kwa hilo hata kidogo. Katika jamii nyingi za nyanda hizi mjane alirithiwa na ndugu wa marehemu, na kupata mume mwingine baada ya msiba hakukuwa usaliti bali njia ya kuwatunza watoto na shamba. Walichokikataa ni utaratibu. Bibi huyu ameolewa wakati mwili uko nyuma ya ukuta, kabla tanga halijaanuliwa, na tena kabla halijakaliwa. Mzee Katekista aliliweka kwa ufupi: angezika kwanza, hata kesho yake akaolewa, wimbo usingekuwapo.

Mfugaji alimtetea mbwa. Mbwa wa kuwindia akienda kuwinda yuko kazini. Hajui mume mpya ni nani, na wala hakula kiapo. Ni kweli kwamba wimbo hausemi mbwa na kipanga wamemkimbia bwana wao, unasema tu wameendelea na kazi zao. Mimi naona huo ndio ubaridi wake. Hakuna aliyefanya ubaya mkubwa. Kila mmoja amerudi kwenye shughuli ya kila siku, na jumla ya shughuli hizo ni mtu aliyeachwa kwa kunguru.

Kutokana na hapo umepatikana mstari ambao naamini utakibeba kijitabu chote. Wimbo wa Uskoti unasema wazi ni nani wanaojua marehemu alipolala, kisha unaonyesha kila mmoja anaitumiaje habari hiyo. Ule wa Kiingereza unafanya jambo hilohilo bila kulitamka. Mbwa wanajua, wanalinda. Vipanga wanajua, wanafukuza. Paa anajua, anazika. Kwa hiyo uaminifu katika nyimbo hizi haupimwi kwa machozi, kwa kuwa "Kunguru Wawili" una wanaolia wengi na hawana msaada wowote, maana hawajui pa kwenda. Unapimwa kwa anayejua na anachokifanya kwa kujua kwake.

Ukikubali kipimo hicho, mtu mmoja zaidi anaingia kizimbani. "Kunguru Wawili" unaanza na nafsi ya kwanza: nilikuwa natembea peke yangu, nikasikia kunguru wawili wakilalama. Kunguru wakasema mahali penyewe, nyuma ya ukuta ule. Wakasema pia kwamba hakuna atakayejua shujaa alikokwenda. Lakini mpita njia amesikia! Sasa anajua sawasawa na bibi, na wimbo unakwisha bila kutuambia kwamba alikwenda kutazama. Amekuja kutuimbia. Mama alisema sisi nasi tumesikia, tukae kimya au twende? Kijana wa Rungwe alimwambia kwamba ni karne nyingi zimepita. Alijibu kwamba swali lake halikuwa la karne.

Juni, wiki ya kwanza

Tulikwenda Kalenga. Nilisita kuuandika mkutano huu, kwa sababu sipendi kila mada ya Iringa ivutwe hadi kwa Mkwawa, lakini safari hii mada ilijivuta yenyewe. Mkwawa, Mtwa (yaani mtawala) wa Wahehe, alijiua tarehe 19 Julai 1898 alipozingirwa na Wajerumani, akazikwa Mlambalasi bila kichwa, kwa kuwa kichwa kilichukuliwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, uliiamuru Ujerumani ilirudishe fuvu. Lilirudi mwaka 1954, Gavana Edward Twining akalikabidhi kwa Mtwa Adam Sapi, mjukuu wa marehemu. Leo liko ndani ya kabati la kioo katika jumba la makumbusho hapo Kalenga, na mwili uko Mlambalasi, upande wa barabara ya kwenda Hifadhi ya Ruaha.

Tulisimama mbele ya kioo, na mtu mmoja kati yetu akausoma ubeti wa saba kwa sauti ya chini, ule wa paa kukiinua kichwa chenye damu. Hatukuwa tumepanga. Katika ubeti huo kichwa ndicho kinachoshikwa kwanza, kabla ya majeraha na kabla ya mwili kubebwa, na kwa watu waliosubiri fuvu la Mtwa wao kwa miaka 56 mpangilio huo hauhitaji tanbihi.

Hata hivyo nimependekeza, na imekubaliwa, kwamba habari ya Kalenga iingie kwenye kijitabu kwa aya moja tu na isiwe ulinganifu. Mkwawa alikuwa na watu. Waliompoteza walijua kilipo kilichopotea na walikidai. Shujaa wa wimbo hana wa kudai. Tukizilazimisha habari hizi mbili zifanane tutaipunguza kila moja.

Juni, mazoezi

Kiitikio cha "Kunguru Watatu" hakina maana ya kamusi. Ni sauti za kuviringisha ulimi, zinazorudi baada ya kila mshororo, na mshororo wa kwanza wa kila ubeti hurudiwa. Hilo limetusaidia kuliko nilivyotazamia. Kiongozi anatoa mshororo, waitikiaji wanajaza, na mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye mkesha wa msiba anajua pa kuingia bila kufundishwa. Tumeziacha sauti zetu wenyewe zishike nafasi ya zile za Kiingereza.

Kulikuwa na wasiwasi kwamba kiitikio chepesi hakifai juu ya maiti. Kijana wa Rungwe aliumaliza kwa kutukumbusha mazishi ya Wanyakyusa ya zamani, ambapo vijana walicheza ngoma wakiwa na mikuki, vumbi likipanda, wakati wanawake wanalia palepale. Hakuna aliyeona kwamba furaha ya miguu imeitusi huzuni. Jana Mama aliimba nafasi ya kiongozi huku akipiga pindo kwa mkono. Sindano ilikuwa ikipanda kwenye mshororo na kutulia kwenye kiitikio, na alipofika "akamzika kabla ya Saa ya Kwanza" alikata uzi kwa meno, akaendelea. Sijawahi kusikia ubeti ule ukiimbwa bila huruma ya kupita kiasi kama alivyouimba, na nimemwomba asibadilishe chochote.

"Kunguru Wawili" tutausoma bila ngoma. Wimbo huo siku hizi huimbwa kwa sauti ya Kibretoni, yaani ya Brittany huko Ufaransa, iliyounganishwa nao katika karne ya 20, kwa hiyo hatuoni deni lolote la sauti ya asili.

Mwanzoni mwa Julai

Mpangilio wa jioni umeamuliwa baada ya mabishano marefu. Waliotaka wimbo wa Kiingereza uwe wa mwisho walisema watu wasirudi nyumbani na upepo juu ya mifupa. Waliotaka wa Uskoti uwe wa mwisho, nami nikiwamo, tulisema hadhira iliyokwisha kumwona paa akizika ndiyo itakayosikia vizuri kwamba katika wimbo wa pili hakuna anayekuja. Upande wetu umeshinda, kwa sharti kwamba msomaji wa "Kunguru Wawili" awe ndiye aliyeongoza uimbaji wa kwanza, ili nafsi ya mpita njia isikike ikitoka kwa mtu ambaye tayari tumemwamini. Yaani Mama.

Rasimu ya kijitabu imekamilika na itapelekwa kwa mchapaji wiki ijayo. Pingamizi la mimba limechapwa lote, likifuatwa na jibu la Mzee Katekista, na jibu la jibu. Mfugaji ameomba iongezwe sentensi chini ya "Kunguru Wawili" kusema kwamba mbwa hana hatia. Mama amekataa, akisema mbwa alijua njia na angeweza kubweka. Sentensi imeingia kama tanbihi, na ukataaji wa Mama umeingia kama tanbihi ya pili, kwa herufi za ukubwa uleule.